Waithaka, na Salamu za Heri Tupu

Ukitoka katikati ya jiji la Nairobi kwa kufuata Ngong Road, ukapinda Dagoretti Corner na kuipita Riruta, utafika Waithaka, zaidi ya kilomita kumi kutoka mjini. Hakuna bango la kumkaribisha mgeni, wala jengo la kupigiwa picha. Ni mtaa wa udongo mwekundu, wa migomba na sukuma wiki zilizopandwa nyuma ya nyumba, wa ng'ombe wawili watatu wanaofungwa katika ua mmoja na vyumba kumi vya kupangisha. Wenyeji wake wa asili ni Wakikuyu. Mashamba ya wazee wao yamegawanywa na kugawanywa tena, hata kipande kilichokuwa cha viazi na mahindi kimekuwa safu mbili za vyumba zinazotazamana, na kati yake kamba za kuanikia nguo. Kiutawala, Waithaka ni mojawapo ya wadi tano za Dagoretti Kusini, pamoja na Mutuini, Ngando, Riruta na Uthiru-Ruthimitu.

Katika vyumba hivyo wamo watoto wa watu kutoka kila upande wa Kenya, na wa Pwani wamo pia. Kodi ni nafuu kuliko ya karibu na mjini, na anayeamka mapema hufika kazini kwa miguu au kwa nauli moja ya matatu.

Tulikwenda huko mwezi wa Mfungo Mosi, kina mama watatu na ami mmoja aliyeijua njia. Idi ilikuwa imepita na vijana wetu kadhaa hawakurudi nyumbani. Kila mmoja alikuwa ametuma pesa kwa M-Pesa, na kila mmoja alikuwa ameandika kwamba ni mzima, kazi zimemzidi, na atakuja Mfungo Tatu inshallah. Tulifunga mahamri, kashata, achari ya embe na mikate ya sinia, tukapanda treni Miritini kwenda kuwatazama kwa macho yetu.

Ardhi iliyozoea wageni

Dagoretti si mara yake ya kwanza kuwapokea vijana wa Pwani. Mwaka 1890 Mwingereza Lugard, akiwa safarini kwenda Uganda kwa niaba ya kampuni ya Imperial British East Africa, alijenga ngome pale Dagoretti baada ya kupatana na Waiyaki wa Hinga. Mizigo ya misafara ya namna ile ilibebwa vichwani na mabegani na wapagazi waliotoka Pwani yetu. Baadhi yao waliachwa kuilinda ngome katika nchi ya baridi, miongoni mwa watu ambao lugha yao hawakuielewa. Mapatano hayakudumu. Mwaka uliofuata ngome ikaachwa, na mwaka 1892 Waiyaki mwenyewe alikamatwa akapelekwa upande wa Pwani, akafa njiani Kibwezi. Majina ya wazungu wa kisa hicho yamehifadhiwa vitabuni. Vijana waliobeba mizigo yao hawakuandikiwa hata mistari miwili.

Ikafuata reli. Ilianzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ikijengwa na vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi. Kiasi cha 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi, ajali na wanyama wakali. Nairobi yenyewe ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli hiyo, mahali pa mahema na vifaa, pa watu ambao wote walikuwa wametoka kwingine. Tukiusikia mji huu ukilaumiwa kwa ukavu wa moyo, tukumbuke kwamba ulizaliwa ukiwa kambi ya watu walioacha mama zao mbali.

Na sisi tulifika kwa reli ya tatu ya hadithi hii, kwa maana ya pili ilikuwa ile iliyounganisha Dar es Salaam na Kapiri Mposhi, nchini Zambia. Treni ya Madaraka Express ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, na njia yake ilijengwa na kampuni ya Kichina ya China Road and Bridge Corporation. Wasomaji wa Miritini, Mazeras, Mariakani na Voi wanaikumbuka miaka ile ya ujenzi: vijana wa Kichina wenye kofia ngumu za rangi, waliopita kwa magari ya wazi asubuhi na kurudi jioni wamejaa vumbi. Ndugu zetu wa Lamu nao wamewaona wenzao pale bandarini. Tuliwaita "Wachina" kwa jumla. Ni wachache kati yetu waliowahi kuuliza jina la mmoja wao.

Ajabu ni kwamba wageni hao si wapya kwetu. Zheng He, amiri aliyeongoza safari saba za majahazi ya Uchina kati ya mwaka 1405 na 1433, alizaliwa katika familia ya Kiislamu ya jimbo la Yunnan. Majahazi ya safari zake yalifika hadi Malindi, na mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alipelekwa kwa mfalme wa Uchina, akapokewa kama ishara ya baraka. Leo Waislamu wa kabila la Hui pekee nchini humo ni zaidi ya milioni kumi. Huenda kati ya vijana tuliowaona wakipita na kofia zao walikuwamo waliofunga Ramadhani pamoja nasi, tusijue.

Nyapara na kibarua

Mkono wa Wachina umeizunguka Waithaka. Upande wa kusini inapita Southern Bypass kuelekea Kikuyu. Kule Gitaru inaanzia Western Bypass. Katikati ya jiji limesimama daraja refu la Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, lililofunguliwa mwaka 2022. Zote hizo zimejengwa na kampuni ileile ya reli. Pia maghorofa ya Kilimani na Kileleshwa, yanayoota kama uyoga baada ya mvua, mengi yanajengwa chini ya wakandarasi wa Kichina.

Vibarua wa maghorofa hayo hutoka mitaa kama Waithaka, Kawangware na Riruta. Mmoja wao ni mwana wa mama tuliyesafiri naye, kijana wa miaka ishirini na mitatu kutoka Kwale. Tulimkuta nje ya ploti anafua. Alitubusu mikono, akatupa shikamoo, akatukaribisha chumbani. Chumba kilikuwa cha mabati, hatua nne kwa hatua nne, chenye godoro, jiko la mafuta ya taa, ndoo mbili, na mkeka wa kuswalia uliokunjwa vizuri juu ya sanduku. Mamake alitazama huku na huku bila kusema neno. Katika simu yake alikuwa na picha aliyotumiwa na mwanawe huyu: amesimama mbele ya ghorofa la vioo, ametabasamu, amevaa shati jeupe. Alidhani mwanawe anaishi humo, au karibu na humo.

Tulipokwisha kula alituambia habari za kazi. Nyapara wao ni Mchina, kijana asiyemzidi kwa miaka mingi. Wanaelewana kwa maneno kama ishirini, nusu ya Kiswahili na nusu ya Kiingereza: haraka, bado, saruji, maji, kesho. Kwa miezi mitatu alimwona kama mtu mkali asiye na moyo. Halafu siku moja, saa ya chakula cha mchana, alimkuta amejibanza nyuma ya rundo la mbao akizungumza na simu yenye picha. Alikuwa akigeuza sahani yake mbele ya simu ili anayemwona aone nyama na mboga zilizomo. Upande wa pili palikuwa na mwanamke mtu mzima aliyekuwa akicheka kwa furaha. Simu ilipokatika, nyapara aliiweka sahani chini bila kula, akakaa akitazama ukuta mpaka kengele ya kazi.

"Nikajua," kijana alituambia, "huyu naye anafanya kama mimi."

Kula uchungu

Wachina wana usemi wa kale kuhusu mtoto aliye safarini: hutoa habari njema, wala hatoi habari za kutia wasiwasi. Huo huhesabiwa kuwa adabu kwa wazazi. Wana na neno jingine, *chi ku*, maana yake kula uchungu. Mtu anayeweza kula uchungu, yaani kuvumilia jasho, baridi, njaa na dharau bila kulalamika, husifiwa kijijini kwake na kutafutwa na waajiri. Kwetu twasema mvumilivu hula mbivu, na piga moyo konde. Maneno yametofautiana, malezi ni yaleyale.

Uvumilivu ni sifa njema, na hakuna nyumba iliyojengwa bila ya huo. Lakini yaliyotokea Uchina yanatufundisha mahali unapofikia ukingo. Nchini humo wafanyakazi waliohama vijiji kwenda mijini wanakaribia milioni 300. Utaratibu wa uandikishaji wa makazi uliowekwa mwaka 1958 humhesabu mtu kuwa wa pale alipoandikishwa, hivyo wengi wao wamefanya kazi mjini kwa miaka wakiwa kama wageni, bila haki kamili ya shule za watoto na huduma za afya. Mamilioni ya watoto wamelelewa na bibi na babu, wakiwaona wazazi mara moja kwa mwaka, wakati wa sikukuu ya mwaka mpya wao.

Mwaka 2010, katika viwanda vya kampuni ya Foxconn mjini Shenzhen, panapotengenezwa simu na kompyuta zinazouzwa duniani kote, vijana zaidi ya kumi walijitoa uhai ndani ya mwaka mmoja. Wengi wao walikuwa hawajatimiza miaka 25. Walifanya kazi saa nyingi katika mstari wa mashine, walilala katika mabweni pamoja na watu wasiowajua, na wengi walitoka vijijini wakiwa tegemeo la nyumba zao. Wanazuoni tisa wa elimu ya jamii nchini humo waliandika barua ya wazi wakieleza kwamba kizazi hiki kipya hakina shamba la kurudia wala mji wa kukipokea. Kampuni ilipandisha mishahara na kuleta washauri nasaha, lakini kwa wazazi waliozika ilikuwa imechelewa.

Wale wanaovuka bahari kuja kwetu huchukua mzigo huohuo na kuuongezea umbali. Wengi wao huishi katika kambi zenye ukuta, pamoja na mpishi wa kwao na bustani ndogo ya mboga za kwao. Kuta hizo zinawalinda, na pia zinawafungia. Lugha hawaijui, mtaani hutazamwa kwa shaka, na nyumbani wanangojewa warudi na fedha za kujenga au kuoa. Ulipofika ugonjwa wa korona, Uchina ilikaza mipaka yake mpaka tarehe 8 Januari 2023. Kwa karibu miaka mitatu ndege zilikuwa chache na tiketi ghali mno, na wako waliomaliza mikataba yao wasiweze kurudi. Wengine walipata misiba kwa simu, na maziko wakayaona kwa simu.

Historia inawashuhudia pia waliotangulia. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa jasho la Watanzania, Wazambia na Wachina. Wachina zaidi ya 60 walifia katika kazi ile. Makaburi ya wataalamu wa Kichina yapo nje kidogo ya Dar es Salaam, kwa safu zilizonyooka, na mwaka 2013 Rais Xi Jinping alikwenda kuweka maua. Kila jiwe pale lina mama aliyekuwa akipokea habari njema, mpaka siku ile barua ilipoletwa na mtu wa serikali.

Pale mwili unaposema

Jioni hiyo alikuja binti wa Matuga, mfanyakazi wa nyumbani huko Lavington, ambaye siku yake ya mapumziko hulala Waithaka kwa mwenzake na kupaka watu hina. Alikuwa mchangamfu mno, akicheka kabla ya kila sentensi. Usiku, tulipobaki wanawake peke yetu, alituambia kwamba kifua humbana na moyo humwenda mbio hasa akiingia kitandani, na kwamba hulala taa ikiwaka. Alikuwa amekwenda mara tatu katika kliniki moja ya kulipia. Mara zote alipimwa malaria na homa ya matumbo, akapewa dawa, akalipa nusu ya mshahara wa mwezi. Hakuna aliyemuuliza kama analala, wala kama ana mtu wa kuzungumza naye.

Jambo hili linajulikana na waganga. Katika miaka ya 1980 daktari Mmarekani Arthur Kleinman alichunguza wagonjwa mia moja huko Hunan, Uchina, waliokuwa wakilalamika kuumwa na kichwa, uchovu, kizunguzungu na kukosa usingizi, na kuambiwa kwamba mishipa yao imedhoofika. Aligundua kwamba wengi wao walikuwa na sonona. Huzuni yao ilikuwa haina ruhusa ya kusema, kwa hiyo ilipitia mwilini, kwa sababu kuumwa na kichwa si aibu. Nasi kwetu mtu atasema ana mawazo, ana wahka, moyo unamwenda mbio, mwili hauna nguvu. Msikilizaji aliye na haraka atampa panadol.

Wanazuoni wetu waliliona hili mapema. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na nafsi. Alieleza kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, na kwamba kila kimoja hukidhuru kingine. Alitenganisha huzuni yenye sababu ijulikanayo na ile isiyojulikana chanzo, na akashauri mtu ajiwekee fikra njema wakati wa uzima kama anavyoweka dawa kabatini. Na kabla yake, sote twalijua jambo la Nabii Yaaqub, aliyemlilia Yusuf hata macho yake yakaingia weupe, wala huzuni ile haikumshusha katika daraja ya manabii. Mtume wetu naye, Rehema na Amani zimshukie, aliupitia Mwaka wa Huzuni alipowapoteza Bi Khadija na ami yake Abu Talib. Basi anayemwambia kijana mwenye sonona kwamba tatizo lake ni upungufu wa imani anamwongezea mzigo ambao dini haikumtwika. Swala na dhikri humtuliza mja, na daktari humtibu, na hakuna ugomvi kati ya hayo mawili.

Hujambo ya pili

Salamu yetu ya Kiswahili ina hekima ambayo tumeizoea hata hatuisikii. Tunapomwambia mtu "hujambo", tunamuuliza kama hana jambo, yaani kama hakuna lililompata. Jibu la "sijambo" huja lenyewe, hata kwa aliyefiwa jana, kwa sababu adabu inataka heri itangulie na shida ifuate. Zamani, tulipokuwa barazani, shida ilikuwa na nafasi ya kufuata. Kahawa ilimiminwa, habari za mvua na za samaki zikapita, na baada ya kitambo mtu akasema lililomleta. Katika simu hakuna kahawa. Salamu inajibiwa, pesa zinatajwa, dua inaombwa, simu inakatwa. Ile sehemu ya pili, ambamo jambo lenyewe lingesemwa, haifikiwi.

Tuliona jinsi mambo yanavyokuwa sehemu hiyo ikifikiwa. Siku ya pili, baada ya swala ya alfajiri, mama wa Kwale alikaa na mwanawe kizingitini, akimmenyea chungwa. Hakumuuliza habari za kazi. Alimuuliza analala saa ngapi, anaamka saa ngapi, anakula na nani. Kijana alijibu kwa ufupi, kisha kwa urefu, kisha akanyamaza. Akasema kwamba hajalipwa kwa wiki tano. Mkandarasi mdogo aliyewaajiri hapokei simu. Zile pesa za Idi alizozituma nyumbani alizikopa kwa simu, na deni linazaa kila siku. Wenzake wawili wamerudi makwao bila ya kuaga. Yeye hulala saa mbili au tatu tu kwa usiku, na kuna siku alivuka barabara bila kutazama na hakujali.

Mamake aliliweka chungwa chini. Hakulia mbele yake. Alisema, "Mwanangu, pesa zile ningezila bila kujua kwamba ninakula usingizi wako." Akamuuliza moja kwa moja kama amewahi kuwaza kufa. Kijana aliinama, akasema ndiyo, mara mbili, mwezi wa Rajabu.

Tunaliandika hili kwa idhini yake na ya mamake, kwa sababu wako wazazi wengi wanaoogopa kuuliza swali hilo wakidhani litampa mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Wataalamu wa afya ya akili wanasema kinyume: kuuliza kwa upole na kwa uwazi humpunguzia mtu mzigo na kumfungulia njia ya kupata msaada. Tuliliona hilo kwa macho yetu. Asubuhi ile kijana alikula mahamri manne, akalala mpaka adhuhuri.

Pa kukimbilia

Waithaka ina kituo cha afya cha umma, na Mutuini jirani ina hospitali. Jumatatu tulimsindikiza kijana wetu, tukaeleza kwa muuguzi kwamba tunataka azungumze na mtu wa afya ya akili. Hilo ndilo la muhimu, kulisema wazi mlangoni, kwa maana anayesema "naumwa na kichwa" atapimwa kichwa. Kwa matatizo mazito ipo Hospitali ya Mathari, iliyoanza mwaka 1910. Jina lake limefanywa tusi kwa vizazi, na tusi hilo limewazuia wengi kutibiwa. Kuna pia nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ambapo mtu huzungumza na mshauri nasaha bila malipo, hata akiwa chumbani mwake peke yake.

Sheria nayo imelegea mahali ilipokuwa ikitisha. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mhalifu, na familia zikaficha badala ya kutafuta tiba. Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Mtu wa namna hiyo ni mgonjwa, na mgonjwa hupelekwa hospitalini.

Dalili za kutazama ni hizi: huzuni au ukavu wa moyo unaodumu wiki mbili au zaidi; kutopata usingizi au kulala kupita kiasi; kuacha vitu alivyovipenda, hata mpira na vichekesho vya rafiki; kupungua uzito; hasira za ghafla; kujitenga; maneno ya kwamba yeye ni mzigo au kwamba kutokuwapo kwake ni nafuu. Kwa aliye mbali, simu ndiyo macho yetu. Sikilizeni sauti iliyofanywa nyepesi kwa makusudi. Angalieni picha zinazopigwa mbele ya majengo ya watu, wala si ndani ya chumba chake. Na akinyamaza siku tatu ilhali si desturi yake, mtumeni mtu akagonge mlango. Dawa za sonona, akipewa, huchukua wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana, hivyo asiziache kwa kuona hazifanyi kazi.

Kina mama tuliosafiri pamoja tumeshikana kwa mambo matatu, nasi tunayaeleza hapa ili anayependa ayafuate. La kwanza, kila wiki kutakuwa na simu moja ambayo pesa hazitajwi kabisa, si na mzazi wala na mtoto. La pili, baada ya "sijambo" tutauliza tena, mara hii kwa jambo maalumu: umelala vipi, umekula na nani, nani amekucheka, nani amekufurahisha. La tatu, kijana anayehamia Nairobi ataondoka na majina ya watu wawili wa huko watakaomfungulia mlango wakati wowote. Kijana wa Kwale na binti wa Matuga sasa wanajuana, na wote wawili wameonyeshwa msikiti wa Kawangware ambapo kina mama wa darsa hupika pamoja kila mwisho wa mwezi.

Deni la kijana bado lipo, na mkandarasi mdogo bado hajalipa. Ami yetu amempeleka ofisi ya kazi kuandikisha malalamiko. Kijana amerudi kazini kwa mkandarasi mwingine, katika ghorofa lilelile, chini ya nyapara yuleyule. Wiki iliyopita alimpigia mamake siku ya Jumatano, siku isiyo ya mshahara. Akamwambia kwamba alimpa nyapara kipande cha kashata tulizompelekea. Nyapara alikitafuna, akauliza jina lake, yaani jina la kashata. Halafu akaliuliza jina la kijana, kwa mara ya kwanza tangu waanze kazi, akamtajia na lake.